Skrini zinaganda huku redio ikiendelea: Ubuntu 24.04 na kadi ya GT 730

Mpigachapa

Ndugu zangu, salaam. Ninaendesha steshenari ndogo mjini Morogoro, na kazi zangu nyingi ni kuchapa mitihani ya shule, barua na ripoti za vikundi. Kompyuta ninayoitumia ni ya mtumba iliyokuwa ya ofisini: prosesa yake ni Core i5-3470, RAM ni GB 8 na mfumo ni Ubuntu 24.04. Nyuma ina tundu la VGA na matundu mawili ya DisplayPort, lakini kwa kuwa skrini zangu moja inapokea HDMI na nyingine DVI, miezi miwili iliyopita nilinunua kadi ya grafiki ya GeForce GT 730, nikaichomeka, na skrini zote mbili zikawaka bila mimi kuweka draiva yoyote, yaani programu ya kuiendesha kadi.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Sasa skrini huganda mara mbili au tatu kwa siku, hasa ninapopitia kurasa zenye picha nyingi katika LibreOffice huku Firefox ikiwa wazi. Kipanya hakisogei, saa iliyo juu ya skrini inasimama, lakini redio ninayoisikiliza kwa intaneti inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Juzi saa hiyo ilisimama kwenye 11:42, nikiwa ukurasa wa 9 wa mtihani wa kurasa 14, katikati ya mchoro wa figo, na mwalimu aliyeuleta amesimama mbele ya kaunta akiniangalia. Wakati mwingine, baada ya dakika moja hivi, skrini huwa nyeusi kisha hunirudisha kwenye ukurasa wa kuingilia, na kila nilichokuwa nimefungua kimekwenda. Wakati mwingine hubaki vilevile mpaka nizime kwa kushikilia kitufe cha umeme.

Nimeshaweka mfumo upya mara mbili bila mafanikio. Jirani yangu anasema RAM imeharibika, na kijana mmoja muuza vifaa ananishauri nibadilishe pawa saplai. Kabla sijatoa fedha kwa kubahatisha, naomba mnieleze namna ya kujua tatizo liko wapi hasa.

MsomaLogi

Pole sana mkuu. Redio yako imeshatueleza mengi. Kama kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, ingekuwa imekufa, sauti ingekatika au ingerudiarudia kipande kimoja kama santuri iliyokwaruzika, na mara nyingi taa ya Caps Lock ingekuwa inamemeta. Kama tatizo lingekuwa umeme, kompyuta ingezimika au ingejiwasha upya yenyewe. Picha inapoganda huku programu nyingine zikiendelea, kisha ukatupwa kwenye ukurasa wa kuingilia, shaka ya kwanza ni kwamba kadi ya grafiki imeacha kuijibu draiva yake. Kwa hiyo acha kwanza kuweka mfumo upya, maana kila unapofanya hivyo unafuta ushahidi.

Itakapoganda tena, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukiona ukurasa mweusi unaokuomba jina na neno la siri, ingia, kisha uandike `journalctl -k -b | tail -n 60`. Mara nyingi ukurasa huo hautokei, kwa sababu nao unahitaji kadi ileile iliyokwama. Ndiyo maana nakushauri uweke leo `openssh-server`, ili siku hiyo uweze kuingia kwenye kompyuta kwa simu kupitia Wi-Fi ya dukani. Simu ikifanikiwa kuingia, utakuwa umethibitisha kuwa kompyuta iko hai na kilichokufa ni picha tu.

Kama hata simu imeshindwa, usikimbilie kitufe cha umeme. Shikilia Alt pamoja na Print Screen, bonyeza S, subiri sekunde mbili, bonyeza U, subiri tena, kisha B. S huiamuru kerneli iandike kwenye diski yale yaliyokuwa bado kwenye kumbukumbu, U huifanya diski iwe ya kusomwa tu, na B huwasha upya. Wengi wamekariri mfuatano mrefu wa REISUB, lakini Ubuntu kwa kawaida huweka `kernel.sysrq` kuwa 176, yaani 16 na 32 na 128, ambayo huruhusu herufi hizo tatu tu. R, E na I hazifanyi kitu, nawe hupotezi lolote ukiziacha. Faida ya S kwako ni kwamba mistari ya mwisho ya logi (daftari la matukio ya mfumo), ambayo ndiyo tunayoihitaji, inapata nafasi ya kufika kwenye diski. Kompyuta ikishawaka, andika `journalctl -k -b -1`, ambapo -1 ni uwashaji uliotangulia, na utuletee mistari ya mwisho pamoja na majibu ya `lspci -nnk | grep -A3 VGA`.

FundiSolda

Ninamheshimu MsomaLogi, lakini mimi ni mtu wa bisibisi na nisingeanza na logi peke yake. Kadi za namna hii hufika kwetu zikiwa zimeshafanya kazi miaka mingi; feni imejaa vumbi, au mafuta ya kupozea kati ya chipu na bamba la joto yamekauka na kuwa kama chaki. Ifungue, uipulizie, uzungushe feni kwa kidole uone kama inakwenda bila kukwaruza.

Pawa saplai uiache. Kadi hiyo hutumia chini ya wati 50, na zote inazipata kwenye slotu yake. Sioni sababu ya kukuuzia nyingine. Kuhusu RAM, unaweza kuiendesha Memtest86+, programu ya kuipima, usiku mmoja, ila kuna jaribio linalokata mzizi zaidi. Prosesa yako ina grafiki za Intel HD 2500 ndani yake. Ing'oe kadi kabisa, azima kebo ya VGA, ufanye kazi na skrini moja kwa siku mbili ukifungua yaleyale unayofungua kila siku. Isipoganda, basi RAM, diski na pawa saplai vyote vitakuwa vimejitetea bila wewe kutoa hata shilingi.

Mpigachapa

Nimefuata ushauri wa wote wawili. Siku mbili bila kadi, kompyuta haikuganda hata mara moja, ingawa nililemewa sana kufanya kazi na skrini moja. Feni ya kadi ilikuwa na vumbi kiasi lakini inazunguka vizuri. Nilipoirudisha, kabla ya chakula cha mchana skrini ziliganda tena. Ctrl+Alt+F3 haikuleta chochote, lakini simu iliingia mara moja, na kwenye logi nimekuta mstari huu umejirudia:

`nouveau 0000:01:00.0: fifo: SCHED_ERROR 0a [CTXSW_TIMEOUT]`

Majibu ya `lspci` yanaonyesha `GK208B [GeForce GT 730] [10de:1287]`, na chini yake `Kernel driver in use: nouveau`. Sijui kama mnapata kitu hapo.

MsomaLogi

Tunapata karibu kila kitu. Jaribio la FundiSolda limetuondolea washukiwa watatu kwa mkupuo mmoja, na logi inatuonyesha aliyebaki. Programu zako zote hutumia kadi moja kwa zamu: Firefox, LibreOffice, na GNOME inayounganisha madirisha yote kuwa picha moja. Mstari huo unasema kwamba kadi ilitakiwa kuiacha kazi ya programu moja na kushika ya nyingine, muda uliowekwa ukaisha, na haikujibu. GNOME ikikosa zamu yake, picha nzima inasimama hata kama wengine wote wako hai.

Nouveau ni draiva iliyoandikwa kwa jasho la watu waliochunguza jinsi kadi za NVIDIA zinavyofanya kazi, kwa sehemu kubwa bila kupewa maelezo ya ndani, na imo ndani ya kerneli tangu toleo 2.6.33 la mwaka 2010. Ndiyo iliyokuwashia skrini zako mbili bila wewe kuweka chochote, kwa hiyo siidharau. Ila kwa mzigo wako dalili zote zinaelekea kwake, na tiba ya kujaribu ni kutumia draiva ya NVIDIA yenyewe.

Hapa uwe makini na namba. Jina GT 730 limebandikwa kwenye chipu za vizazi viwili. Ziko zenye GF108, za kizazi cha Fermi, ambazo draiva yake ya mwisho ni mfululizo wa 390. Na ziko zenye GK208, za kizazi cha Kepler, ambazo draiva yake ya mwisho ni mfululizo wa 470. Jina lililo kwenye boksi halitoshi kutofautisha, ila `lspci` imeshatuambia kuwa yako ni GK208B. Usivutwe na namba kubwa kama 535 au 550 kwa kudhani kuwa kipya ni bora, kwa sababu hizo haziitambui kadi yako kabisa. Andika `sudo apt install nvidia-driver-470`.

Kabla ya kuwasha upya, angalia `mokutil --sb-state`. Kama Secure Boot, kinga inayokataa draiva zisizo na sahihi inayotambulika, imewashwa, wakati wa kuweka draiva utaombwa kutunga neno la siri, na kompyuta itakapowaka utaona ukurasa wa buluu. Usiondoke kwenye kiti mpaka uukamilishe.

Mpigachapa

Niliondoka kwenye kiti. Mteja alikuja kutoa nakala za cheti, nikageuka kwenye mashine ya fotokopi, na niliporudi kompyuta ilikuwa imeshawaka. Sasa hali ni mbaya kuliko mwanzo: skrini ya kushoto ina herufi kubwa zisizo na ukali, ya kulia ni giza tupu, na nikiandika `sudo modprobe nvidia` ninajibiwa `Key was rejected by service`. Je, niiondoe draiva hiyo?

MsomaLogi

Usiiondoe mkuu, haina kosa. Ulipoiweka, kifurushi chake kiliizuia Nouveau isipakiwe, kwa kuwa draiva hizo mbili haziwezi kuishika kadi moja kwa pamoja. Kisha Secure Boot nayo ikaikataa draiva mpya, kwa sababu imetiwa sahihi kwa ufunguo ambao kompyuta yako haijaukubali. Kadi imebaki bila msimamizi, na picha unayoiona ni ile ya dharura.

Andika `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, utunge neno la siri rahisi la kutumika mara moja tu, kisha uwashe upya. Ukurasa wa buluu ukitokea, bonyeza kitufe chochote upesi, maana hukusubiri sekunde 10 tu. Chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", uandike lile neno la siri, na mwishoni uchague "Reboot". Ukifika kwenye ukurasa wa kuingilia, bonyeza jina lako, utazame alama ya gia iliyo chini kulia, uchague "Ubuntu on Xorg" kama ipo; Xorg na Wayland ni njia mbili za kuchora picha kwenye skrini, na kwa draiva ya 470 kikao cha Xorg ndicho ninachokiamini zaidi kuliko cha Wayland.

FundiSolda

Na uweke kibao cha "Nimefunga" mlangoni kwa dakika tano.

Mpigachapa

Nilikiweka kweli. Leo ni siku ya 11 na skrini hazijaganda hata mara moja. `nvidia-smi` inaonyesha toleo 470.256.02 na joto la nyuzi 51 nikiwa kazini, hivyo nadhani na usafishaji wa feni umesaidia. Mwalimu aliondoka na mtihani wake, ukurasa wa 9 ukiwa na figo nzima. Nimebaki na hofu moja: sasisho la kerneli likija, nitarudi nilikotoka?

MsomaLogi

Hofu yako ina msingi. NVIDIA iliacha kuuhudumia mfululizo wa 470 mwaka 2024, na draiva hiyo hujengwa upya kila kerneli mpya inapowekwa. Ipo siku itakuja kerneli iliyobadilika kiasi kwamba ujenzi huo utashindwa. Andika `uname -r`. Ikianza na 6.8, uko kwenye kerneli iliyotoka pamoja na Ubuntu 24.04, ambayo itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi mwaka 2029 bila kubadilishwa toleo kuu, na hapo, mradi hujawekewa kifurushi cha kerneli chenye neno `hwe`, ambacho huleta kerneli mpya zaidi, huna haja ya kugusa kitu. Ikiwa ni namba ya juu zaidi, weka `linux-generic`, kisha uondoe vifurushi vya kerneli vyenye neno `hwe` katika majina yao. Na hata sasisho likikuangusha, GRUB, menyu ya kompyuta inapowaka, ina sehemu ya "Advanced options for Ubuntu" ambako kerneli iliyotangulia huwa bado ipo, nawe unaweza kuichagua na kuendelea na kazi siku hiyohiyo.

Ila ningekuwa wewe ningefikiria tena yale matundu mawili ya DisplayPort. Umejionea mwenyewe kwamba grafiki za Intel hazikuganda kwa siku mbili. Draiva yake imo ndani ya kerneli, haihitaji ufunguo wala kujengwa upya, na kwa kuchapa mitihani inatosha na kubaki. Kebo moja ya DisplayPort kwenda HDMI na nyingine kwenda DVI zitakuondolea kadi na hofu yake.

Mpigachapa

`uname -r` imejibu 6.8, kwa hiyo sitagusa kitu mpaka shule zifunge. Kebo ya HDMI nimeipata hapa mjini. Ya DVI naendelea kuitafuta.