Mjadala: Heparini ni ya mwanafunzi au ya profesa?

Mleta mada: Mwaka 1916 Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari pale Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha kwamba dutu aliyoitoa kwenye ini inazuia damu kuganda. Mwaka 1918 profesa wake, William Howell, akaibandika jina heparini, jina linalobebwa leo na dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgunduzi ni nani?

Mpima Damu: McLean. Alitumwa kusafisha kefalini, dutu ya mafuta ya ubongo inayoharakisha kuganda, akajiongeza kwa kujaribu moyo na ini. Tishu unaikausha, unailoweka kwenye etha, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, ili mafuta yaingie humo, halafu unatia alkoholi mpaka mashapo yatuame. Mashapo mapya ya ini yaliharakisha kuganda. Yalivyozidi kukaa, nguvu ikashuka, mwishowe yakageuka kabisa: damu ya paka aliyoikoroga nayo kwenye bika haikuganda. Mwingine angemwaga, aseme yameharibika.

Kiyeyusho: Hapo kwenye etha ndipo unapoteleza. Heparini tunayodunga leo ni mnyororo wa sukari wenye salfa. Majini inayeyuka, kwenye etha haiingii. McLean alishika fosfolipidi, yaani mafuta yenye fosforasi, nazo zikizidi huzuia kuganda, kwa sababu protini zinazopaswa kukutana juu yake hutawanyika kila moja kwake. Sukari hiyo aliipata Howell miaka ya 1920, alipoacha etha akatumia maji. Haikuwa na fosforasi.

Mpima Damu: Sawa, ila heparini ya Howell ya 1918 nayo ilikuwa ya mafuta! Jina lilipewa kitu kimoja, likahamia kingine. Ukimnyang'anya McLean kwa kigezo hicho, mnyang'anye na Howell wa 1918. Au ni yale yale ya mwenye kisu kikali kula nyama?

Mfamasia: Mnagombea chupa ambayo mgonjwa asingeweza kudungwa. Maandalizi ya Howell yalikuwa na uchafu, yakaleta homa na kichwa kuuma. Kundi la mtafiti Charles Best, Toronto, Kanada, ndilo lililoisafisha, kwanza kwa ini la ng'ombe, baadaye mapafu. Wagonjwa wakaanza kuipata 1935.

Kiyeyusho: Kusafisha si kugundua. Tena bila Howell wangesafisha kwa kipimo gani? Uniti yake ni kiasi kinachozuia mililita 1 ya damu ya paka isigande kwa saa 24 kwenye nyuzi 0. Kipimo kimebadilika, lakini mpaka leo daktari anaiandika heparini kwa uniti, siyo miligramu.