Naomba ushauri: mvinyo wa Dodoma na samaki wa pilipili

Habari za jioni wakuu. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Tutaalika marafiki sita, na mezani nataka mvinyo wa Dodoma tu. Nimekulia huko, zabibu tulikuwa tunavuna mara mbili kwa mwaka, lakini kunywa mvinyo pamoja na chakula nimejifunza ukubwani.

Chakula ni pilau la mbuzi, kachumbari, na sangara wa kukaanga mwenye pilipili na ndimu. Hapo kwenye samaki ndipo ninapokwama. Juzi nilijaribu mwekundu mkavu (usio na utamu) wa zabibu za Makutupora. Kwa mbuzi ulikaa vizuri sana, ule ukakasi wake ulikata mafuta. Nilipougeuzia samaki, pilipili ikawaka zaidi na mdomoni pakabaki ladha kama ya chuma. Mweupe wa zabibu za Chenin Blanc uliopozwa ulipatana na ndimu, ila mke wangu anasema ni mchachu mno kwake, na sherehe ni yake pia.

Je, mweupe wenye utamu kidogo utatuliza pilipili, au utaua ladha ya samaki? Na mwekundu niuweke kwenye friji kwa muda gani, maana joto la Dar mnalijua? Dompo, ule mvinyo mtamu wa Dodoma, nafikiria kuiacha mwisho, na matunda.

Wageni wawili hawanywi pombe, kwa hiyo hata juisi inayoendana na pilau naombeni mnitajie.