Foklifti za mafuta: raha na karaha zake, tupeane uzoefu

Kijana wa Yadi: Wakuu, bosi anataka kuuza foklifti zetu zote za dizeli, hizi mashine za kunyanyulia mizigo, anunue za betri. Mliotumia zote mbili mnasemaje?

Opereta Kurasini: Asiguse dizeli! Yadi ina mashimo, mvua inanyesha, kontena linasubiri kupakuliwa, dizeli inapiga kazi tu. Tangi likiisha unajaza dakika chache unarudi mzigoni. Betri za asidi zinataka kama saa 8 kuchaji, kisha zipoe. TANESCO wakikata je?

Fundi Nozeli: Taja na machungu basi. Oili, filta, pampu. Ukijaziwa dizeli iliyochakachuliwa na mafuta ya taa, pampu inakosa ulainisho, inakufa. Kila asubuhi fungueni chujio linalotenga maji na dizeli, mmwage hayo maji.

Opereta Kurasini: Hiyo ni kosa la kituo cha mafuta, si la mashine.

Fundi Nozeli: Anayelipia pampu ni nani, kituo?

Mwana Mtwara: Mmenikumbusha msimu mmoja wa korosho. Mvua ilikuja ghafla, milango ya ghala ikafungwa magunia yasilowe. Ndani foklifti ya gesi inaendelea kupanga mzigo. Bosi aliisifia kwamba haitoi moshi, na kweli, hukuona kitu. Kichwa kikaanza kutugonga, tukasema njaa. Mmoja akatapika, tukasema malaria. Halafu kijana aliyekuwa juu ya magunia akakaa chini, ukimwita anakutazama tu, magoti hayamshiki. Dereva wa lori aliyeingia kuleta karatasi ndiye aliyepiga kelele: "Zima mashine, fungua milango!" Tulimbeba hadi nje kwenye mvua, hospitali wakamwekea oksijeni. Daktari akasema ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu.

Mama Ghala: Yarabi! Pole sana baba. Kwetu pia vichwa viliuma, tukalaumu joto.

Mzee wa Bandari: Kunyweni maziwa kabla ya zamu, yanakata sumu.

Nesi Temeke: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Hewa hiyo inaingia kwa mapafu na kushika damu mahali pa oksijeni. Maziwa yanakwenda tumboni. Mtoeni mtu nje, mkimbizeni hospitali.

Mzee wa Bandari: Marahaba. Sisi tuliyanywa na tuko hai.

Opereta Kurasini: Si mnaona? Hiyo ilikuwa ya gesi. Dizeli haina shida hiyo.

Nesi Temeke: Dizeli inatoa kaboni monoksaidi kidogo zaidi, siyo sifuri. Tena mwaka 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka moshi wake kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani.

Mwana Mtwara: Yule kijana alipona, ila ghalani hakurudi. Sasa yuko kwenye mizani, nje.

Kijana wa Yadi: Asanteni. Namwambia bosi dizeli zibaki yadini, ndani ziingie mbili za betri.

Fundi Nozeli: Muulize kwanza umeme ukikatika mtachajia nini. Akisema jenereta, isikae ndani ya ghala.