Wenger baada ya Kombe la FA: aage sasa, apewe mwaka mmoja, au miaka miwili?

Mnara_wa_Saa (Jumapili, 28 Mei 2017)
Wakuu, kombe tumebeba jana Wembley, Arsenal 2 Chelsea 1. Mkataba wa kocha wetu Wenger unaisha mwezi ujao na bodi inakaa Jumanne. Naona njia tatu:

A: aage sasa, akiwa na Kombe la FA la saba mkononi.
B: mwaka mmoja, itangazwe wazi kuwa ni wa mwisho.
C: miaka miwili, hadi 2019.

Habari za "Wenger ni gwiji" na "Wenger kachoka" tumezimaliza tangu Manchester United watufunge nane kwao Old Trafford mwaka 2011. Leteni hoja za mfumo, mikataba ya wachezaji na nani hasa anaweza kuja. Mkumbuke tumemaliza wa 5 kwa pointi 75, Liverpool wa 4 kwa 76, Chelsea bingwa kwa 93. Misimu 20 mfululizo tulikuwa ndani ya nne bora. Huu wa 21 tumetoka.

Beki_Tatu
C. Tazameni kilichotokea Aprili. Tarehe 10 tunachapwa 3-0 na Crystal Palace. Mechi inayofuata, Middlesbrough, anaweka mabeki watatu wa kati. Tangu hapo tumecheza mechi 10, tumeshinda 9, tumefungwa moja tu, 2-0 na Spurs. Manchester City tumewatoa nusu fainali, Chelsea tumewafunga fainali.

Na kuna sababu ya kiufundi. Kiungo wetu Cazorla aliumia Oktoba na hakurudi tena msimu huu. Yeye ndiye alikuwa anapokea mpira mbele ya mabeki, anageuka nao hata akiwa amebanwa, mguu wowote. Bila yeye, kiungo mwenzake Xhaka akawa anazibwa na mtu mmoja na sisi tunabaki kupasiana nyuma. Ukiwa na mabeki watatu, yule wa pembeni, Holding au Monreal, anapanda na mpira mwenyewe. Anayemkaba Xhaka lazima achague mmoja. Bellerín na Chamberlain wanapanda bila hofu kwa sababu nyuma bado wamebaki watu, na Özil na Alexis wanacheza ndani, karibu na mshambuliaji. Kocha aliyeacha mabeki wanne baada ya miaka yote hii hajaishiwa.

Kiungo_wa_Chini
Mkuu, umeandika mwenyewe: Cazorla aliumia Oktoba, dawa imekuja Aprili. Miezi sita. Msimu ulizama hapo katikati.

Chukua Bayern kwenye Ligi ya Mabingwa, tumefungwa 10-2 kwa mechi mbili. Munich, beki wetu Koscielny anatoka na majeraha dakika ya 49, ubao ni 1-1. Tukafungwa nne. Kwetu Emirates tunaongoza 1-0, Koscielny anapewa kadi nyekundu kwenye tukio la penalti, zinaingia tano. Mabao 9 kati ya 10 yameingia beki mmoja akiwa ametoka. Timu iliyomnunua Mustafi kiangazi kilekile haikuwa na utaratibu wa kucheza bila Koscielny.

Na ni mara ya saba mfululizo kuishia 16 bora: Barcelona 2011, Milan 2012, Bayern 2013 na 2014, Monaco 2015, Barcelona 2016, Bayern tena. Jana Koscielny alikuwa amefungiwa, Mustafi na Gabriel hawapo, Mertesacker akaanza mechi yake ya kwanza msimu huu na akamzima Costa wa Chelsea karibu mechi nzima. Namvulia kofia. Lakini ule ulikuwa ujasiri wa mchezaji, usihesabiwe kama mpango wa benchi. A.

Shabiki_wa_Highbury
Kabla hujapiga kura ya A, taja jina, kisha angalia kalenda yake.

Allegri: mataji matatu ya ligi mfululizo na Juventus, fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa ndani ya miaka mitatu. Fainali hiyo ni Jumamosi ijayo Cardiff dhidi ya Real Madrid, na mkataba wake unaenda hadi 2018. Hazungumzi na mtu kabla ya hapo. Ukimsubiri naye akabaki Turin, Juni inaanza kukatika huna kocha.

Simeone wa Atlético Madrid: naye ana mkataba hadi 2018, na 4-4-2 yake inataka viungo wanne wanaokaba kwa pamoja. Kwa kikosi hiki, Özil anakosa nafasi siku ya kwanza.

Jardim: bingwa wa Ufaransa, mabao 107 ya ligi. Ila Monaco imejengwa na watu wa kusaka vipaji pamoja na uuzaji wa wachezaji. Ukimchukua Jardim hupati mshambuliaji wake Mbappé, na idara ile nayo inabaki kule.

Tuchel: kabeba Kombe la Ujerumani jana na magazeti yamejaa mvutano wake na uongozi wa Dortmund. Kati ya wote ndiye anayeelekea kuwa huru mapema. Anabadili mfumo hata katikati ya mechi, anakaba kuanzia juu. Kinachonipa wasiwasi ni huo mvutano, maana kwetu hakuna mtu kati ya kocha na bodi wa kuutuliza.

Mnara_wa_Saa
Hapo kwenye "hakuna mtu kati" ndipo penyewe. United walimpoteza kocha wao Ferguson na mtendaji mkuu wao, David Gill, kiangazi kimoja, 2013. Moyes alikuja na mkataba wa miaka sita, akabadili wasaidizi waliokuwa wanaijua timu, na usajili ukaishia kwa Fellaini pauni milioni 27.5 siku ya mwisho ya dirisha. Aprili 2014 akatimuliwa, wakamaliza wa 7. Kwetu Wenger anagusa usajili, mishahara, hadi vijana. Akiondoka Jumanne, kazi hizo zinabaki kwa mtendaji mkuu wetu Gazidis peke yake. Ndiyo maana naegemea B: mwaka mmoja wa kuweka mkurugenzi wa michezo na mkuu wa usajili, kisha kocha aje akute nyumba ina watu.

Beki_Tatu
B ilishajaribiwa, ndugu yangu. Ferguson alitangaza kuwa 2001-02 ndiyo msimu wake wa mwisho. Timu ikalegea, Februari 2002 akabadili uamuzi, wakamaliza wa 3 bila kombe. Ubingwa tuliuchukua sisi, palepale Old Trafford, bao la Wiltord. Mchezaji akijua kocha anaondoka Mei, akiwekwa benchi Novemba hamsikilizi.

Dada_wa_Alhamisi
Halafu mikataba, ambayo mmeipita haraka. Alexis, Özil na Chamberlain wote wanaisha Juni 2018. Kuanzia 1 Januari wanaruhusiwa kusaini makubaliano na klabu za nje ya Uingereza, bure. Kwa B, swali la kwanza la wakala ni "kocha wa msimu ujao nani?" na hakuna jibu. Kwa C jibu lipo, hata kama mchezaji halipendi. Kwa A, kocha mpya anapewa wiki chache aamue nani auzwe sasa kwa bei na nani aachwe aondoke bila senti.

Ongezeni na Ligi ya Europa, tunakoenda kwa kumaliza wa 5: mechi sita za makundi, Alhamisi usiku kwa saa zetu, kisha ligi Jumapili. Hapo unahitaji vikosi viwili. United wamemaliza wa 6 na wanarudi Ligi ya Mabingwa kwa kubeba kombe hilo Jumatano iliyopita. Nani ana kikosi cha pili cha kufanya hivyo? Holding wa pauni milioni 2 amefaa. Lucas Pérez wa milioni 17 hachezeshwi.

Kiungo_wa_Chini
Dada, hoja yako ya mikataba inanipa nguvu mimi. Aliyeacha watatu hao wafike mwaka wa mwisho ni uongozi huuhuu na kocha huyuhuyu. Utampaje miaka miwili atengeneze alichokiacha kiharibike?

Shabiki_wa_Highbury
Nitaikubali C kwa sharti moja: mkurugenzi wa michezo atajwe ndani ya tangazo lenyewe. Gazidis ameshawaambia mashabiki msimu huu uwe chachu ya mabadiliko. Wenger naye kakataa hadharani cheo hicho kiwekwe juu ya kazi yake. Mmoja wao lazima arudi nyuma kabla ya saini.

Dada_wa_Alhamisi
Mwenye uamuzi ni Kroenke, ana hisa 67 kwa mia za klabu. Usmanov ana 30 na hana hata kiti kwenye bodi. Kroenke hajawahi kuajiri kocha wa Arsenal, alikuja akamkuta Wenger yupo. Mimi naona miaka miwili, na cheo hicho hakitatajwa.