Mrejesho: Ile siku ya mihadhara ya kutafuta ukoo

Habari zenu wote. Niliwauliza kama inafaa kwenda kusikiliza mihadhara ya kutwa nzima kuhusu kufuatilia historia ya ukoo, kwa sababu nilikwama kwa baba yake babu. Nilienda, na asanteni mlionisukuma.

Mhadhara wa kwanza ulikuwa wa wanaoanza: anza na wewe mwenyewe, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, wahoji wazee mapema. Wa DNA ulinifungua macho kidogo. Kromosomu Y (kipande cha DNA ambacho kwa kawaida wanaume ndio huwa nacho) hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na watoto wa ndugu wawili kwa wastani huwa na asilimia 12.5 ya DNA waliyorithi kwa pamoja.

Lakini kilichonifaa hasa ni mapumziko. Nilimwonyesha mzungumzaji nakala ya cheti cha ndoa ya babu na bibi. Hakuangalia maharusi hata kidogo, kidole chake kilishuka moja kwa moja chini kabisa: "Hawa mashahidi ni akina nani?" Jamani, miaka miwili ninayo karatasi ile na sijawahi kuwasoma! Shahidi wa pili ana jina la ukoo wetu, ila karani aliliandika kama alivyolisikia, herufi mbili tofauti.

Jioni nilimpigia shangazi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo ni baba mkubwa wa babu yako."

Sasa natafuta kumbukumbu zake kwa tahajia zote mbili.