Usalama wa waendesha baiskeli katika Barabara ya Jogoo

Swali: Ndugu zangu, huendesha baiskeli kutoka Buruburu hadi Eneo la Viwanda jijini Nairobi, na matatu husimama ghafla upande wa kushoto, nami nikalazimika kuingia katikati ya magari yaendayo kasi. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Usibanane na ukingo wa lami. Acha nafasi ya takriban mita moja ili dereva akuone mapema. Kamwe usijipenyeze kushoto kwa lori linalotaka kukata kona upande huo, kwa maana hapo dereva hakuoni kabisa na magurudumu ya nyuma hukaribia ukingo zaidi kuliko ya mbele; subiri nyuma yake, hata ukichelewa kazini.

Jibu: Ushauri huo ni mzuri, lakini mzigo usiwe wa mwendesha baiskeli peke yake. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 ilitaka asilimia 20 ya bajeti ya usafiri itengewe wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Tudai njia zenye ukingo wa zege (rangi pekee haizuii bodaboda), zinazopita nyuma ya vituo vya matatu.

Muulizaji: Ahsanteni. Suala la vituo nitalifikisha kwa mwakilishi wa wadi yetu.