Mrejesho: Kompyuta ya filamu imepona, tatizo halikuwa draiva

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyepitwa: kompyuta yangu ya Linux niliyounganisha na runinga ilianza kukwamisha video baada ya kusasisha mfumo, prosesa ikipanda hadi asilimia 100 na feni ikinguruma mfululizo.

Nilikuwa nimeifuta na kuisakinisha draiva ya kadi ya picha (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi hiyo) mara tatu, kazi bure. Aliyeniambia niendeshe glxinfo, amri inayoonyesha ni nini kinachochora picha, ndiye aliyenifungua macho, namshukuru sana. Palipotakiwa kuonekana jina la kadi ya picha palisomeka llvmpipe, yaani kadi imelala na prosesa ndiyo inachora kila kitu! Nikaandika dkms status, amri inayoonyesha moduli zilizojengwa, nikakuta moduli ya draiva (kipande chake kinachopachikwa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo) imejengwa kwa kerneli ya zamani tu. Kerneli mpya ilikuja bila kifurushi cha linux-headers, na bila hicho moduli haijengeki.

Nikakisakinisha, moduli ikajengwa, nikawasha upya. Bado! Hapa ndipo nilipokaribia kukata tamaa. Kumbe Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaozuia programu zisizo na saini inayoaminika, ilikuwa inaikataa moduli kwa kuwa saini yake haitambuliki. Nikasajili ufunguo wa saini hiyo kwa amri ya mokutil, nikawasha tena na kuuthibitisha kwenye ile skrini ya buluu inayotokea kabla mfumo haujapanda. Msiipite skrini hiyo, ukiiacha usajili unafutika na unaanza upya.

Tangu jana video inateleza na feni haisikiki. Kimebaki kitu kimoja: sauti inayokwenda runingani kwa waya wa HDMI inapotea kompyuta ikiamka usingizini. Hilo nitalifungulia swali lake.